Daftari la Kibaigwa

Baba alikuwa na betri ya gari kwenye kapu la baiskeli
na spika ya pembe iliyobonyea mdomo.
Kila siku ya mnada, pale Kibaigwa,
alipanda juu ya magunia ya mahindi,
akaanza na "Mbukwenyi!" hata wauza uwele wakageuka,
kisha akawauliza madalali, katikati ya bei:
"Ukifa leo usiku, utaamkia wapi?"

Wengine walicheka. Mmoja alimpa mia mbili anyamaze.
Alizipokea, akashukuru, akaendelea.

Mimi nilishika waya.
Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa
waya usichomoke.
Vumbi la Julai lilinijaa kwenye kope
nami nikamwomba Mungu, kwa bidii kuliko baba,
betri iishe.

Waliookoka aliwaandika kwenye kaunta buku:
jina, kijiji, tarehe,
na tiki kwa aliyeonekana tena kanisani.
Tiki hazikuwa nyingi.

*

Sasa nafanya kazi Mtumba, ghorofa ya tatu,
mafaili, kiyoyozi, zulia lisilojua tope.
Meza inayotazamana na yangu ni ya Zaituni wa Kondoa.
Mwaka wa sita tunagawana chaja, chumvi, siri za waume,
na sijamwambia hata aya moja.
Mfungo ukifika, chapati zangu nazila nje, nyuma ya jenereta.
Pasaka yeye huniletea zabibu za Mpunguzi
ndani ya mfuko wa unga, zimepondeka kidogo.
Mama yake alipofariki nilipanda basi,
nikakaa msibani hadi hitima,
nikisugua masufuria kwa majivu mpaka kucha zikalainika.

Nilimsimulia baba. Akasikiliza hadi mwisho.
"Ukamwambia?"
"Nilimwoshea vyombo, baba."
"Vyombo," akasema,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Ningemjibu nini?
Kwamba neno lake lilikuwa mvua ya mawe
na mimi nataka kuwa umande?
Umande, Dodoma hii!
Hata mtama ungenicheka.

*

Mwaka huu koo limemfunga.
Daktari amemkataza kusema,
basi anaandika nyuma ya kalenda za zamani.
Jumamosi alinisukumia lile daftari: *Nisomee.*

Nikasoma. Chedego wa Pandambili.
Mazoya wa Mlali, na mkewe.
Mbeleje muuza mkaa, tiki.
Mwanamke aliyekataa kutaja jina, analia.
Kurasa mia moja na tisini, wino umefifia kama mshono wa zamani.
Nikatafuta wa kwetu.
Mama hayumo. Kaka Masaka hayumo.
Wala mimi, mshika waya.

"Baba, mimi hukuwahi kuniuliza."

Akakaa na kalamu hewani.
Nje lori la Morogoro lilishusha gia.
Akaandika, herufi zikiinama:
*Niliogopa jibu.*

Usiku umeme ukakatika.
Nyemo, binti yangu wa miaka kumi na nne,
ambaye huanika imani yake na mashaka yake kwenye simu
mbele ya watu mia tatu asiowajua,
kama sisi tulivyoanika mlenda juu ya paa,
aliinua uso ulioangazwa na kioo:
"Mama, we unaamini kweli,
au unaenda tu kwa sababu Jumapili imefika?"

Babu yake akageuza kichwa.

Nilitaka kusema, vyombo.
Nilitaka kusema, kalale.
Nikahisi ule waya mkononi, joto lake,
na vumbi likinipanda kooni ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha.

"Sogea hapa," nikamwambia.
Akasogea. Mzee naye akavuta kigoda.
Wananisubiri, wote wawili.
Neno la kwanza bado nalitafuta,
na simu, taa yetu pekee,
imebakiwa na chaji asilimia nne.